GPA ya 3.6, Magereza na hati ya mashtaka: jibu kwa aliyeniandikia

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyemaliza LLB, shahada ya kwanza ya sheria, kaniandikia ujumbe mrefu. GPA yake ni 3.6. Anapenda jinai, anatamani siku moja afundishe sheria chuo kikuu, na kuna mtu kamwambia kwamba mwanasheria anayeenda Magereza ni yule aliyekosa pa kwenda. Mwishoni kauliza, "Nianzie wapi?" Namjibu hapa hadharani kwa sababu swali hili hurudi kila msimu wa mahafali, na kwa sababu hiyo kauli ya Magereza imeniudhi.

Tuanze na namba. Mdogo wangu, 3.6 ni daraja la pili la juu, na nyumbani walikupigia vigelegele kwa haki kabisa. Lakini soma matangazo ya vyuo vikuu vya umma: TA (Tutorial Assistant, ngazi ya chini ya ualimu wa chuo kikuu) anatakiwa awe na angalau 3.8 ya shahada ya kwanza. Mhadhiri msaidizi anatakiwa awe na hiyo hiyo 3.8, na juu yake 4.0 ya uzamili. Kila mwaka watu wanauza viwanja kulipia LLM, yaani uzamili wa sheria, wakiamini itafuta LLB ya wastani. Haifuti. Mchujo unaangalia vyeti vyote viwili. Kwa hiyo kwako wewe LLM si hatua ya kwanza. Vyuo vya kati vinavyotoa cheti na stashahada ya sheria vina masharti yake, na huko mtu aliyeshika majalada kwa miaka kadhaa ana la kusema darasani. Ualimu wako utapitia mlango wa kazi. Sasa tuzungumzie kazi yenyewe.

Kwa anayependa jinai, mlango mmoja ni Wakili wa Serikali anayeendesha mashtaka, na ili uwe huyo lazima upite Law School of Tanzania pale Sinza, Dar es Salaam, barabara ya Sam Nujoma. Shule hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2008. Unakumbuka kelele za mwaka 2022, pale watahiniwa 633 walipotoa 26 tu waliofaulu bila kurudia somo, hadi waziri akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe? Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Kwa maoni yangu tatizo kubwa liko wazi: chuo kikuu kinakuuliza "eleza maana ya unyang'anyi wa kutumia silaha", Law School inakupa karatasi mbili za maelezo ya mashahidi na kukwambia "andika hati ya mashtaka". Mtu aliyeishi kwa madesa, zile notisi za kukariri, miaka minne hajawahi kuandika hata moja. Ukitaka kujipima kabla ya kulipa ada, chukua hukumu yoyote ya jinai kutoka TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, ambayo ni bure, soma ushahidi peke yake, funga, kisha andika hati yako. Linganisha na iliyokuwa mahakamani. Fanya mbili kwa wiki kwa miezi mitatu.

Hati ya mashtaka inaonekana fupi, na ufupi huo ndio unaowaponza watu. Ina sehemu mbili: kosa na kifungu chake, halafu maelezo ya kosa. Hebu tazama maelezo haya: "Kwamba mshtakiwa, tarehe fulani, katika eneo la Manzese, aliiba simu moja yenye thamani ya shilingi 250,000, na mara kabla ya wizi huo alitumia panga ili kuipata." Yanasomeka vizuri, sivyo? Lakini panga lilielekezwa kwa nani? Unyang'anyi unahitaji nguvu au tishio dhidi ya mtu, na mtu huyo lazima atajwe. Bila yeye umeeleza wizi uliofanywa karibu na panga. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30, na Mahakama ya Rufani imewahi kuwaachia watu kwa sababu ya jina moja lililokosekana kwenye mstari huo. Siku hizi dosari nyingine zinasameheka ikiwa ushahidi ulimwezesha mshtakiwa kuelewa anachoshtakiwa, lakini mwendesha mashtaka anayeandika huku akitegemea msamaha huo hajui kazi yake.

Linganisha pia tarehe. Hati inasema tarehe 14 usiku, shahidi anasema usiku wa kuamkia tarehe 14, daktari kaandika kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tarehe 15. Hapo tayari una siku tatu. Tengeneza jedwali dogo kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada lako: jina la mlalamikaji, tarehe, saa, mahali, mali na thamani, na kila shahidi anasema nini juu ya kila kimoja. Zinapotofautiana, omba kurekebisha hati mapema. Ukisubiri upande wa mashtaka ufunge ushahidi umechelewa.

Kwa utambuzi wa usiku, kila wakili anaijua kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, lakini mahojiano ya mashahidi hayaonyeshi kama wanaijua. Shahidi akisema "kulikuwa na mwanga" hujapata kitu. Mwanga wa nini, tyubu, koroboi, tochi ya simu? Ilikuwa umbali gani? Ilimmulika nani, shahidi au mhalifu? Aliangalia kwa muda gani? Alimfahamu kabla? Alimtaja kwa nani mara ya kwanza, na lini? Maswali haya yaulizwe siku ya kuandaa shahidi, si kizimbani. Na kielelezo cha maandishi kikishapokelewa, kisomwe kwa sauti mshtakiwa asikie. Kesi ya Robinson Mwanjisi ilishasema tangu 2003 kwamba mpangilio ni kupokelewa kwanza, kusomwa baadaye. Mpaka leo hati za ukamataji na ripoti za Mkemia Mkuu zinaondolewa kwenye kumbukumbu kwa sababu mtu alikuwa na haraka ya chai.

Shahidi mtoto wa miaka 14 au chini yake asiyeapa lazima aahidi kabla ya kutoa ushahidi, na ahadi hiyo ina vipande viwili: kusema ukweli, na kutosema uongo. Hakikisha hakimu ameandika vyote viwili kwa maneno ya mtoto. Usiogope kusimama na kuomba kwa heshima yaandikwe. Kumbukumbu ikishaenda rufaa bila maneno hayo, wewe hutakuwepo kueleza.

Sasa Magereza. Aliyekwambia ni kazi ya waliokosa pa kwenda hajawahi kuona foleni ya wafungwa wanaotaka kukata rufaa siku ya Jumatatu baada ya vikao vya wiki nzima. Mfungwa aliyehukumiwa mahakama ya wilaya ana siku 10 za kutoa notisi ya nia ya kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, bila kuhesabu muda aliosubiri nakala za hukumu na mwenendo. Akihukumiwa tarehe 3 Machi, notisi inaisha tarehe 13. Ndani ya siku hizo kuna safari ya karandinga, mapokezi, kupimwa afya, kupangiwa selo, na mshtuko. Wengi wanaikumbuka rufaa siku ya kumi na tano.

Hapo ndipo mwanasheria wa gereza anaposhinda au kushindwa kesi ambayo jina lake halitatajwa popote. Notisi inaandikwa siku mfungwa anapopokelewa, si siku atakapouliza. Kichwa chake kiseme Mahakama Kuu, kwa sababu rufaa zimefutwa kwa kuandikwa jina la mahakama iliyohukumu. Namba ya kesi inakiliwe kutoka kwenye hati ya kifungo, si kwa kumbukumbu ya mfungwa, maana yeye anakumbuka namba ya mahabusu. Dole gumba liwe safi, lisilotapakaa wino, na pembeni yake mkuu wa gereza atie saini, muhuri na tarehe. Sheria inamruhusu mfungwa kukabidhi rufaa yake kwa mkuu wa gereza, naye ndiye anayeipeleka mahakamani, kwa hiyo muhuri huo ndio utakaoonyesha kama ilitolewa ndani ya muda. Nakala za hukumu zikifika, zigongwe muhuri wa siku zilipopokelewa hapo hapo getini. Bila tarehe hiyo, mfungwa atatumia mwaka mzima kuomba kuongezewa muda kwa kosa ambalo si lake. Rufaa ya pili, ya kwenda Mahakama ya Rufani, ina kanuni zake za mwaka 2009, na notisi yake ni siku 30. Usichanganye.

Halafu kuna hesabu za vifungo. Mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja, hivyo wa miaka 6 huhesabiwa 4. Tatizo huanza penye makosa mawili kwenye hati moja na hakimu hakuandika kama adhabu ziende pamoja. Kimya hicho maana yake zinafuatana. Ukikiona, usikae nacho. Andikia mahakama ufafanuzi wiki hiyo hiyo, kabla hakimu hajahamishwa. Na ujue orodha ya wanaofaa huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2002, inayohusu vifungo visivyozidi miaka mitatu. Ni watu wa kuku wawili na baiskeli moja, wamelala chini kwenye selo iliyojaa, na wengi wao hakuna aliyewaombea.

Nisikufiche upande wa pili. Magereza ni jeshi. Shahada haikuepushi na kwata, na mwezi wa kwanza chuoni hakuna atakayekuita "msomi". Utamwita afande mtu mwenye cheti cha kidato cha nne, na ukimheshimu atakufundisha gereza linavyokwenda kuliko kitabu chochote. Mwanasheria anayeingia kwa mabega juu hanyimwi amri, ananyimwa habari. Hataambiwa kwamba nyapara wa selo namba fulani anawauzia wenzake zamu ya kumuona yeye.

Kuhusu ualimu, neno moja kwa wanaofundisha tayari, maana najua mnasoma. Toleo la 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu lilianza kutumika Julai 1, 2025, na namba za vifungu vingi zimehama, ikiwemo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Bado kuna madesa yanayozunguka na namba za zamani bila hata kutaja toleo. Mwanafunzi anazikariri, anaingia nazo mahakamani, anaaibika. Andika toleo kwenye kila kifungu unachokitaja, na fundisha kifungu kwa kazi yake: "kile cha usikilizwaji wa awali", "kile cha kurekebisha hati". Namba ifuate. Pia tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, lakini mwanafunzi anamaliza miaka minne hajawahi kusema "nina pingamizi la awali" kwa Kiswahili mbele ya mtu yeyote. Mpe dakika 5 za kuhoji shahidi kwa Kiswahili kila wiki. Zitamfaa kuliko insha nyingine juu ya historia ya sheria ya Kiingereza.

Kwa hiyo wewe mwenye 3.6: kabla hujajaza fomu yoyote, nenda mahakama ya wilaya iliyo karibu nawe siku tatu mfululizo. Mahakama ni ya wazi. Vaa vizuri, zima simu, kaa benchi la nyuma na daftari. Kila kesi itakayotajwa andika kosa, tarehe ya kukamatwa, na sababu ya kuahirishwa. Ukifika mara ya ishirini ya "upelelezi haujakamilika", angalia uso wa mshtakiwa, kisha uso wa mwendesha mashtaka, kisha wa askari Magereza anayesubiri kumrudisha kwenye karandinga. Baada ya hapo niandikie tena uniambie ni nafasi ya nani kati ya hao ungependa uikalie.