Vifuniko vya soketi: nilinunua sita, nikavitoa vyote

Jumamosi moja jioni nilikuwa jikoni nikisukuma chapati, kijana wangu akicheza sebuleni, mara nikasikia kimya. Mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakijua kimya hicho. Nilipochungulia, nilimkuta amechuchumaa mbele ya ekstensheni ya televisheni, uso umejaa furaha. Alikuwa amechomeka kile kifuniko cheupe cha plastiki nilichomnunulia mwenyewe ili stima isimguse. Ila alikichomeka kichwa chini miguu juu: pini yake kubwa imezama kwenye tundu la juu la soketi, zile mbili nyingine zinaelea hewani nje ya ekstensheni. Na mkono wa kulia ameshika kibanio changu cha nywele.

Nilimnyakua kabla sijafikiri. Alilia kwa kunyang'anywa mchezo wake, nami nikakaa sakafuni nimempakata, mikono yangu ina unga, moyo unanidunda. Wakati ule sikujua hatari aliyokuwa amekaribia ilikuwa kubwa kiasi gani. Nilidhani ni kile kibanio tu. Kumbe kifuniko chenyewe ndicho kilichokuwa kimemfungulia mlango.

Tunaishi Free Area hapa Nakuru, nyumba ya kupanga, na kama nyumba nyingi za kupanga soketi ziko chini, usawa wa kifua cha mtoto anayetambaa. Alipoanza kusimama kwa kushikilia viti, wamama wa ploti waliniambia ninunue vifuniko, nami nikaenda mjini nikanunua pakiti ya sita. Nilivibonyeza kila soketi iliyokuwa tupu, nikalala nikijua hiyo kazi imeisha. Hata wiki haikupita kabla hajajifunza kuvitoa. Kwa umri ule kazi yao kubwa ni kutoa na kuingiza, kutoa na kuingiza, na hiki kilikuwa na ukingo mzuri wa kushika kwa kucha. Mimi nilikuwa nikivirudisha tu kila nikivikuta chini ya kochi.

Jumatatu yake nilimwita fundi wa stima. Alizima swichi kubwa kwanza, akatoa soketi moja ukutani, akaniwekea mezani na kumulika matundu kwa tochi ya simu. "Mama, hebu angalia hapa. Unaona chuma?" Sikuona chuma. Nyuma ya yale matundu mawili ya chini kulikuwa na plastiki nyeupe imeziba. Akachukua plagi ya pasi yangu, akaiingiza polepole, huku akinionyesha kwa upande. Pini ya juu ndiyo iliyotangulia kuingia, na ilipozama kiasi, ile plastiki ikateleza pembeni, pini mbili za chini zikapata njia. Alipoichomoa, plastiki ikarudi mahali pake kwa kamlio kadogo, tk. Mafundi huiita shata. Mimi naiita vilango.

Hizi soketi zetu za matundu matatu tulizirithi kutoka Uingereza. Kiwango chake, BS 1363, kilitoka mwaka 1947, na vilango vilikuwamo tangu mwanzo, kwa ajili ya watoto hasa. Ndiyo maana pini ya juu, ile ya athi (waya wa usalama unaoenda ardhini), ni ndefu kuliko wenzake kwa milimita 5 hivi: ni ufunguo. Zipo soketi za aina nyingine ambazo vilango vyake husubiri pini mbili za chini zisukume kwa pamoja, au zote tatu, lakini nyingi tulizo nazo majumbani hufunguka kwa ile ya juu. Kwa hiyo mtoto akisukuma kidole, kijiko au msumari kwenye tundu la chini la soketi nzima iliyo salama, anakutana na plastiki. Tayari kuna mlinzi mle ndani.

Sasa rudi kwa kijana wangu na kifuniko chake. Kifuniko nacho kina pini ya juu. Kukichomeka kichwa chini kwenye ekstensheni nyembamba, ambayo tundu la athi liko karibu na ukingo, pini ile inafungua vilango na zile mbili zinabaki nje. Matundu yenye stima yanabaki wazi kabisa, hakuna kinachoyaziba, na mbele yake ameketi mtoto mwenye kibanio cha chuma. Fundi aliponionyesha hilo kwa tochi, nikaiona shaba inang'aa mle ndani, niliishiwa maneno.

Si hilo tu. Vifuniko vingi havitengenezwi kwa vipimo sawasawa vya plagi. Pini ikiwa nene kupita kiasi inapanua zile shaba zinazobana pini ndani ya soketi. Ukija kuchomeka birika au pasi baadaye, plagi inakaa legelege, inapata joto, na kidogo kidogo soketi inaanza kuungua na kuwa rangi ya kahawia. Pini ikiwa nyembamba, kifuniko kinang'oka kwa kugusa. Na cha plastiki dhaifu kinaweza kukatika, pini ya juu ikabaki ndani, vilango wazi, wala hujui.

Niliuliza swali ambalo huenda nawe unajiuliza: kama ni hivyo, kwa nini vinauzwa? Nadhani wazo lilisafiri kutoka nchi zenye soketi za namna nyingine. Soketi za kawaida za Marekani zilikuwa na matundu wazi tu, bila kilango, na ni kanuni zao za mwaka 2008 zilizoanza kudai soketi zenye vilango katika nyumba mpya. Kwenye tundu lililo wazi, kifuniko kina maana. Kwetu kinaingilia kazi ya kitu kilichokwisha kuwekwa. Uingereza kwenyewe, zilikotoka soketi zetu, idara ya afya ilitoa tahadhari Juni 2016 kwamba vifuniko hivi vya kuchomeka visitumike kwenye vituo vya afya na vya huduma za jamii.

Hata hivyo, kuna jambo lililoniuma kuliko vifuniko.

Fundi alipokuwa akifungasha vyombo vyake aliniuliza mtoto alijifunza wapi kuanza na tundu la juu. Nilinyamaza, maana jibu lilikuwa limelala juu ya meza ya televisheni: kifuniko cha biro, kimetafunika ncha. Chaja ya redio yetu ni ya pini mbili za mviringo. Kila jioni mimi au baba yake tulikuwa tunasukuma kile kifuniko cha biro kwenye tundu la juu, vilango vinafunguka, tunaingiza chaja, tunachomoa biro. Sekunde tatu. Tumefanya hivyo tangu tukiwa wanafunzi, na sijui nyumba ambayo sijaona mtu akifanya: kwa biro, kwa njiti ya kiberiti, wengine kwa ncha ya kisu. Na kijana wetu alikuwa ameketi zuliani akitutazama. Hakugundua kitu. Alirudia somo.

Wazazi wenzangu, kama kuna jambo moja nawaomba mlibadilishe leo kabla hamjalala, ni hilo la biro. Nunua adapta ya pini tatu inayopokea plagi ya pini mbili, iwe imara, ibaki imefungiwa kwenye hiyo chaja muda wote. Sisi tulifanya hivyo siku ileile. Kisha zungumza na kila anayekaa na mtoto: dada wa kazi, nyanya yake, binamu anayekuja likizo. Nilipompeleka kijana kwa mama yangu upande wa Kakamega mwezi wa Desemba, kitu cha kwanza nilichofanya baada ya salamu ni kuitafuta ile njiti iliyokuwa daima inakaa juu ya soketi ya sebuleni. Mama alisema, "Mwanangu, tumetumia hiyo miaka yote." Nikamweleza polepole, nikamwonyesha mjukuu wake alivyokuwa akichuchumaa. Aliitupa jikoni mwenyewe.

Ekstensheni ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi kuliko soketi za ukutani. Zile zenye matundu ya kila aina, yanayopokea plagi ya nchi yoyote, mara nyingi ni wazi tu, na baadhi hata waya wa athi ndani hakuna. Kabla ya kununua, mulika kwa tochi pale pale dukani. Ukiona chuma, irudishe. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na uipime kwa mkono pia: nyepesi kama boksi tupu, achana nayo. Nyumbani usijaribu vilango kwa msumari wala bisibisi; zima stima, mulika, tazama, basi. Yetu sasa imepigiliwa nyuma ya meza ya televisheni, juu, na meza imesukumwa ukutani. Soketi mbili tusizozitumia zimezibwa na kochi na kabati la vyombo. Kochi zito linafanya kazi ambayo pakiti nzima ya vifuniko haikuweza.

Soketi iliyopasuka, inayocheza ukutani, au yenye alama ya kuungua, hiyo haingoji mwisho wa mwezi. Yetu ya chumbani ilikuwa na ufa, na mwenye nyumba alituzungusha wiki tatu. Mwishowe tuliibadilisha kwa pesa yetu, nikamtumia risiti na picha. Tumia fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Usione haya kumwomba akuonyeshe.

Mwambie pia aangalie kama nyumba ina RCD, kifaa kinachokata stima inapovuja. Wengi tunaamini zile breka za kawaida kwenye kisanduku cha stima zinamlinda mtu. Zinalinda waya. Breka ya soketi huwa ya ampea 20 au 32, na mwili wa binadamu huuawa na kiasi kidogo sana kuliko hapo, kiasi ambacho breka haikitambui. RCD ya nyumbani hukata stima inapoona milliampea 30 zinavuja, yaani sehemu 3 kati ya 100 za ampea moja, na hukata kabla hujamaliza kupepesa jicho. Ina kitufe cha kujaribia chenye herufi T. Kibonyeze mara kwa mara, na ikikataa kuruka, imekufa. Ningekuwa na pesa ya kitu kimoja tu, ningenunua hicho. Katika ploti yetu haikuwamo. Nimeipata baada ya wapangaji wanne kwenda kwa mwenye nyumba pamoja.

Stima ikipotea, msilegee. Sisi tulikuwa tunamwacha mtoto acheze popote gizani kwa sababu "hakuna stima." Inarudi bila kubisha hodi.

Na waya usining'inie. Waya wa birika au wa pasi ukishuka kwenye meza, mtoto anauvuta, na maji ya moto yanamshukia. Watoto wadogo huungua kwa chai, uji na maji moto mara nyingi zaidi kuliko kwa stima, kwa hiyo ukiwa na nguvu ya kurekebisha kitu kimoja asubuhi, anza na birika.

Ikitokea mtoto ameshikwa na stima, usimguse kwa mkono mtupu, hata roho ikikuuma vipi. Zima swichi kubwa. Kama huifikii, simama pakavu na umsukume mbali na waya kwa mti mkavu, ufagio wa plastiki au kiti cha plastiki. Akiwa hapumui, anza kumpulizia pumzi na kumbonyeza kifua huku mtu mwingine akitafuta gari. Palipoungua pamwagie maji safi ya bomba kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na yai viache jikoni. Hospitali aende hata kama ameamka na anacheka, kwa maana stima huunguza ndani kuliko inavyoonyesha ngozi, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Mtoto aliyetafuna waya mwambie daktari wazi kwamba alitafuna. Jeraha la pembe ya mdomo linaweza kuonekana dogo, kisha gamba likibanduka baada ya wiki moja au mbili mshipa wa mdomo ukafunguka na damu nyingi kutoka. Ikitokea, bana mdomo pale panapotoka damu kwa vidole viwili, ndani na nje, kwa kitambaa safi, usiachie mpaka mfike kwa daktari.