Maswali ya Wasomaji: Je, Nimepunjwa Mara Tatu?

SWALI: Ndugu Mshauri, nimenunua kompyuta iliyokwisha kutumika ambayo muuzaji aliniambia ina kumbukumbu ya gigabaiti 500, lakini nikifungua kurasa tano za intaneti kwa pamoja inakwama. Vilevile ninalipia intaneti ya Mbps 20, kumbe nikipakua faili ninaona megabaiti 2.5 tu kwa sekunde. Isitoshe, nikiingia chumba cha ndani waifai hutoweka kabisa. Je, nimepunjwa mara tatu?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Labda mara moja, tena na muuzaji wa kompyuta. Gigabaiti 500 alizokutajia kwa hakika ni za diski, yaani mahali faili zako zinapokaa hata umeme ukizimwa. Kurasa unazozifungua hubebwa na RAM, ambayo husahau kila kitu mashine inapozimwa, na katika kompyuta kuukuu mara nyingi haizidi gigabaiti 4. Lugha yetu nayo ina lawama kidogo, kwa kuwa watu huziita zote mbili "kumbukumbu". Mfikirie fundi wa kuchonga milango: diski ni ghala lake la mbao, na RAM ni nafasi iliyo mbele ya magoti yake, hata ghala liwe kubwa namna gani, akikosa pa kulaza ubao hachongi. Mwulize fundi wa kompyuta kama mashine yako inakubali kuongezwa RAM, kwani si zote zinazokubali.

Kuhusu kasi, hukupunjwa. Herufi b ndogo katika Mbps ni ya biti, si ya baiti, na baiti moja ina biti 8. Gawa 20 kwa 8, utapata 2.5 ile ile uliyoiona.

Sasa waifai, na hapa mkosaji ni nyumba yenyewe. Waifai ni mawimbi ya redio, na kuta za Mji wa Kale, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ni nene kiasi cha kuyameza kabla hayajavuka daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua wa katikati ya nyumba) na msana (ukumbi mrefu) hadi kufika ndani. Rauta, yaani kile kifaa kinachosambaza waifai nyumbani, nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5, ambayo yana kasi zaidi lakini hushindwa upesi na ukuta, na ya gigahezi 2.4, ambayo ni ya taratibu lakini hupenya vizuri zaidi. Ukiwa ndani, chagua hayo ya 2.4. Angalia pia rauta imewekwa wapi, kwa maana nimeona nyumba ambamo imepambwa ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kama kombe la kaure, ikapendeza kweli, ilhali imezungukwa na jiwe pande zote isipokuwa mbele. Itoe hapo uiweke juu, mahali pa wazi panapotazamana na kiwanda.

Hayo yasipotosha, usikimbilie kununua kile kifaa cha kurudia mawimbi, kwa sababu ukikichomeka ndani, ambako mawimbi hayafiki, hakina cha kurudia. Vuta waya wa mtandao kutoka kwenye rauta, uupitishe juu ya milango hadi ndani, kisha uunganishe rauta ya pili huko. Waya huo hufanya kazi vizuri hadi mita 100, na sijui nyumba ya Langoni yenye urefu huo.