Swali: Watoto wachezee wapi kwenye nyumba ya turubai?

Swali: Shikamoo fundi. Tuko kambini, familia ya watu sita, nyumba yetu ni ya miti na turubai, chumba kimoja tu na jiko liko mlangoni. Watoto wanashinda njiani na magari ya maji yanapita hapohapo. Mume wangu anataka aongeze kipenu upande wa jirani wawe wanachezea humo, na bembea afunge kwenye nguzo za nyumba. Ni sawa?

Jibu: Marahaba dada yangu. Nianze na hicho kipenu maana ndo kinanitia wasiwasi. Hapo katikati yenu na jirani msipajenge kabisa, hata kama panaonekana pamekaa bure, ile nafasi ndo inazuia moto usiruke nyumba hadi nyumba. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya misaada yanavifuata, vinataka angalau mita 2 kati ya nyumba na nyumba, na vizuri zaidi iwe mara mbili ya kimo cha nyumba, yaani nyumba ya mita 2 na nusu iachiwe mita 5.

Bembea kwenye nguzo za nyumba hapana. Zile nguzo zinabeba paa, uzito wake unashuka chini, sasa mtoto akibembea anazivuta huku na huku kutwa nzima, shimo linalegea kidogo kidogo nyie hamuoni, siku upepo ukija nyumba inalala. Ifungeni kwenye mti mkubwa, au ichimbiwe nguzo zake, na kama hakuna basi iacheni kwanza.

Mimi ningepachukua mbele ya mlango nikatengeneza kibaraza, maana ukiwa unapika au unachambua mboga unawaona. Ila jiko lihame kwanza, lisogezwe mbali na turubai, kule upepo unakoelekea ili cheche zisirudi kwa watoto. Sakafu ya kibaraza inyanyue kama sentimita 15 juu ya ardhi ya kawaida, mwaga udongo kidogo, nyunyizia maji, shindilia, ndo uongeze tena, usimwage wote kwa mpigo utatitia mvua ikinyesha. Ipe mteremko mdogo wa kwenda nje. Kingo zishikwe na magunia ya mchanga, na gunia usilijaze hadi mdomoni, acha kama theluthi moja tupu, hapo ndo linalala bapa na halibiringiki mtoto akilikanyaga.

Kivuli weka turubai lililochakaa au nyasi, na kama ni turubai usilitoboe kupitisha kamba, litaanza kuchanika hapohapo. Okota kijiwe laini, kifunge ndani ya turubai kama unavyofunga pesa kwenye pindo la khanga, halafu kamba uizungushie shingoni mwa hilo fundo. Haichani. Kamba za kukazia nyumba zivalishe vipande vya kitambaa chenye rangi kali, maana watoto wakikimbizana hawazioni na zinawaangusha vibaya. Ndoo za maji zifunikwe, mtoto mdogo anazama hata kwenye maji kidogo. Na visoda vya kuchezea wasipewe wa chini ya miaka mitatu, wanavimeza.

Siku za mvua watakuwa ndani hakuna namna. Vile viwango vya Sphere vinasema angalau mita za mraba 3.5 kwa mtu, kwa watu sita ni 21, na wengi hamfikii hata hapo najua. Kwahiyo nafasi utaipata kwa kunyanyua vitu, asubuhi matandiko yakunjwe yaning'inizwe juu, nguo kwenye kamba ukutani, halafu tandika mkeka kona ileile kila siku, ndani ya siku chache wataizoea wenyewe. Wale wakubwa waulize wanataka nini, hasa msichana, maana mara nyingi yeye ndo anabeba mdogo wake mgongoni na hachezi kabisa, na hilo linaniuma kila nikiingia kambini.

Kabla ya kuchimba chochote mwone kiongozi wa bloku yenu, kambi nyingi zina utaratibu wake wa kuongeza ujenzi. Ukiwa kwake usione aibu kusema ni kwa ajili ya michezo, hiyo ni haki ya mtoto, ipo ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Na hapohapo umwombe, wewe na majirani zako kwa pamoja, yawekwe matuta pale njiani ili magari ya maji yapunguze mwendo, maana hata kibaraza kikiwa kizuri vipi mpira utatoka tu na mtoto ataufuata.