Moshi wa Kanada, joto la Minneapolis na mtoto mwenye pumu

Pole sana, dada, na mpe mtoto pole. Umeuliza moshi unatoka wapi wakati hapo Minneapolis, Marekani, hakuna moto, na kama ufungue madirisha usiku kwa sababu ya joto.

Unatoka misitu ya Kanada. Moto mkubwa hurusha moshi juu sana, kisha upepo wa kaskazini-magharibi huusafirisha mamia ya kilomita. Mkandamizo mkubwa wa hewa ukitua juu yenu, hewa hushuka na kuuzuia moshi hapo chini, hata siku kadhaa. Juni 2023 moshi wa Quebec ulifika New York mpaka anga likawa rangi ya chungwa.

Kwa hiyo usiangalie joto peke yake. Soma kipimo cha uchafu wa hewa kwenye AirNow, tovuti ya serikali ya Marekani: kikipita 100, mwenye pumu abaki ndani, kikipita 150 kinamdhuru yeyote. Madirisha yafunguliwe kipimo kikishuka tu. Kama huna kiyoyozi, nunua feni ya boksi, ubandike nyuma yake kichujio cha hewa cha MERV 13 (kiwango cha kunasa chembe ndogo) kwa utepe wa gundi, mshale wa kichujio uelekee kwenye feni, uiweke chumba anacholala mtoto. Siku hizo usikaange wala kufukiza udi, tafadhali. Nyumba ikizidi joto, mchana nendeni maktaba yenye kiyoyozi. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta N95, barakoa inayochuja chembe ndogo, inayombana vizuri usoni.

Dawa yake ya kuvuta iwe karibu saa zote. Akihema mpaka ngozi inabonyea katikati ya mbavu, piga 911, namba ya dharura, papo hapo.