Zamu ya swala haiji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Rau, Moshi. Tuko wazazi wanne ambao watoto wetu wanasomea nyumbani, na kila Jumatano tunawakusanya barazani kwangu: vijana saba, miaka 13 hadi 17. Wakubwa wawili wanajiandaa na Mtihani wa Maarifa (QT), ule wa kuwaruhusu wanaosoma nje ya shule kufanya mtihani wa kidato cha nne. Aljebra tumeivuka, lakini takwimu na uwezekano vinatushinda. Wanakariri kanuni leo, wiki ijayo zimeyeyuka. Juzi tulirusha sarafu ya shilingi mia, yenye Nyerere upande mmoja na swala upande wa pili, Nyerere akatokea mara nne mfululizo. Mwanangu akaapa kwamba ya tano ni swala tu, "zamu yake imefika." Nikamwambia si kweli. Akaniuliza kwa nini, nikakosa jibu.
*Mama wa Rau*

JIBU: Marahaba, mama. Swali la mwanao ndilo somo lenyewe, na nimefurahi kwamba hukulizima kwa kanuni.

Jumatano ijayo kila kijana arushe sarafu mara 50 na kuandika kwa mpangilio, N au S, bila kuruka hata moja. Mkiunganisha mtakuwa na mirusho 350. Sasa watafute kila penye N nne zilizofuatana, waangalie ya tano ilikuwa nini. Mtapata kama sehemu ishirini hivi. Huenda swala akafuata mara 9, huenda 12. Mkirudia wiki ya pili na kujumlisha, mwanao ataona mwenyewe kwamba sarafu haikumbuki ilichofanya.

Hapo ndipo kundi linapomshinda mtoto anayesoma peke yake. Mmoja atapata N 20, mwingine 31, watabishana nani karusha vibaya. Zijumlishe zote uone zinavyosogea karibu na nusu. Wasimulie habari za John Kerrich, mwanahisabati aliyekwama Denmark Wajerumani walipoivamia mwaka 1940, akawekwa kizuizini. Humo alirusha sarafu mara 10,000, na kichwa kikatokea mara 5,067.

Kuna jambo linaloniuma, nalo ni mikeka ya kubeti, ambayo mechi zote lazima zitiki ndipo ulipwe. Vijana wa rika la wanao wanaona kaka zao wakibeti kila Jumamosi, na kila mmoja anaamini mechi zake ni "za uhakika." Chukua mfuko, tia maharage 7 mekundu na 3 ya njano. Achote moja bila kuchungulia, alirudishe, atikise, achote tena, hadi mara kumi. Nyekundu ni mechi iliyotiki. Ikitoka njano, mkeka umechanika, aanze upya. Kila mmoja ajaribu mikeka kumi. Kati ya mikeka 70, tarajia miwili hivi ipone, maana 0.7 ukiizidisha kwa yenyewe mara kumi haifiki hata 0.03. Kanuni ya kuzidisha iandikeni baada ya mfuko, si kabla. Mikono ikishajua, kalamu haisahau.

Kwa takwimu, mna mlima. Kila nyumba iwe na daftari, na saa moja asubuhi mtu aandike kama Kibo inaonekana. Niliwahi kufanya hivi na wanafunzi wangu, na siku ya tatu tu ugomvi ukazuka: theluji ikichungulia kidogo juu ya wingu, ni "ndiyo" au "hapana"? Tulitumia kipindi kizima kukubaliana, na sijutii dakika hata moja, kwa sababu waligundua kwamba kabla ya kuhesabu kitu lazima mkubaliane ni kitu gani. Mkifikisha siku 60, ulizeni: mlima ukionekana jana, leo unaonekana mara ngapi kati ya ngapi? Hapo mwanao atakuta kitu chenye kumbukumbu, tofauti na sarafu yake, maana mawingu ya jana na ya leo ni ndugu.

Wastani na namba ya kati msivichoshe. Watume sokoni Mbuyuni waulize bei ya mikungu mitano. Wakirudi na 8,000, 8,000, 9,000, 10,000 na mmoja mkubwa wa 25,000, wastani ni 12,000, bei ambayo hakuna mkungu hata mmoja unaouzwa kwayo. Ya kati ni 9,000. Waulize mama mkwe angewapa shilingi ngapi kwenda kununua mmoja.

Wakubwa wawili wafanye maswali ya mitihani iliyopita siku nyingine, wao peke yao, maana wadogo watachoka. Daftari la mlima lianze kesho, msingoje Jumatano. Na zile N nne mkizihesabu, niandikie mlipata ngapi.