Muulize Fundi wa Ndege: Jeti imefika makumbusho, mbona haipakwi rangi?

*Shikamoo Fundi. Nilikuwa kando ya barabara lori lilipopita limebeba jeti ya kivita iliyostaafu, mabawa yake yamelazwa kwenye lori la nyuma, inapelekwa makumbusho ya ndege kukarabatiwa. Miezi kadhaa baadaye nikaenda kuitazama. Bado chafu, rangi imebabuka, kiti cha rubani hakimo, na mafundi wanapiga picha na kuandika tu. Kwa nini haikuletwa ikiruka? Na kazi itaanza lini? – Mpenda Ndege*

Marahaba, mwanangu. Kazi imeshaanza, tena sehemu ile inayoniondolea usingizi kuliko zote.

Anza na hicho kiti. Kiti cha kumrusha rubani nje ya ndege wakati wa hatari kina baruti, na viti vingi vya kisasa vimetengenezwa vifanye kazi hata ndege ikiwa imesimama chini, haina mwendo wowote. Kwa hiyo jeti iliyotulia sakafuni ikiwa na baruti yake inaweza kumuua mtu aliyeingia kupiga picha. Halafu kuna kifuniko cha kioo. Ukiona jeti za Uingereza kama Harrier au Hawk, utaona mistari iliyopindapinda juu ya kichwa cha rubani. Wageni wengi huidhani ni nyaya za kupasha kioo moto. Ile ni kamba nyembamba ya mlipuko, kazi yake ni kukipasua kioo kabla rubani hajatoka. Baruti nyingine hujificha kwenye mitungi ya kuzimia moto na kwenye vishikizo vya mabomu chini ya mabawa. Mimi siingizi mguu kwenye chumba cha rubani mpaka nione karatasi iliyosainiwa kwamba kila moja imetolewa, na baada ya hapo naangalia tena kwa macho yangu.

Baada ya baruti huja sumu. Saa za vipimo za ndege za zamani zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi, ili rubani azisome gizani. Mng'ao wake hufifia baada ya miongo michache kwa sababu ile kemikali inayotoa mwanga huchoka, lakini radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu. Saa isiyong'aa bado ina mionzi, na anayefungua kioo chake huvuta vumbi hilo kifuani. Jeti ya kivita ya F-16 nayo hubeba haidrazini kwa ajili ya umeme wa dharura, kimiminika chenye sumu kali. Na ile rangi ya chini yenye umanjano wa kijani, inayozuia kutu, mara nyingi ina kromati, ambayo husababisha saratani. Ndiyo maana ukimwona mtu anapiga msasa mkavu kwenye jeti kuukuu bila kinga, mwambie aache mara moja.

Kuhusu kuruka: zipo zilizojileta zenyewe. XB-70 Valkyrie, ndege ya majaribio ya Marekani, ile moja iliyosalia, iliruka mpaka makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani huko Dayton tarehe 4 Februari 1969. SR-71, ndege ya upelelezi, iliyokabidhiwa makumbusho ya Smithsonian tarehe 6 Machi 1990 ilitoka Los Angeles hadi Washington kwa dakika 64 na sekunde 20. Hizo zilitoka kazini moja kwa moja. Jeti iliyokaa uwanjani miaka mingi, baruti ya kiti imepitwa na muda na mipira ya haidroli imekauka, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeirusha. Itapanda lori.

Na lori ndipo ndege nyingi zinapoumizwa. Bolti za mabawa hukaa kwa kubana sana, na chuma kikigusana na alumini miaka yote hiyo penye unyevu, huliwa na kutu mpaka vinashikana. Fundi mvumilivu huloweka mafuta, husubiri, hujaribu tena kesho. Mwenye haraka huchukua msumeno akakata mhimili wa bawa. Nimepokea ndege iliyokatwa hivyo, na uchungu wake bado ninao, kwa sababu mhimili ukishakatwa unaweza kuunga sura tu, nguvu yake hairudi.

Sasa rangi, jambo ulilolalamikia. Naomba unielewe: ule uchafu unasomeka. Tunachagua sehemu ndogo, tunaisugua taratibu kwa msasa wenye maji, tabaka baada ya tabaka, mpaka alama za kikosi cha kwanza zitokee chini ya za kikosi cha mwisho. Ndani ya vifuniko vya ukaguzi tunakuta maandishi ya penseli ya mafundi waliotutangulia, vipimo vyao, na mahali walipoziba ufa. Ukipaka rangi mpya leo, umeyafuta yote na umebaki na ndege inayofanana na picha ya kitabuni. Wakubwa wa makumbusho hupenda ndege ing'ae siku ya ufunguzi, na nimebishana nao mara nyingi. Nitaendelea kubishana. Mimi hupaka pale tu ambapo rangi ya zamani imeshindwa kulinda alumini.

Maana alumini nayo huugua. Kutu ikiingia kati ya matabaka yake, hufura na kufunguka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Huanzia mahali maji yanapotuama, hasa ndege wa porini wakiziba matundu ya kutolea maji kwa viota vyao.

*Fundi, je, jeti hiyo itaruka tena? – Mwanafunzi*

Karibu hakika hapana, na isikuhuzunishe. Vulcan XH558, ndege ya mabomu ya Uingereza, ilirudi angani tarehe 18 Oktoba 2007 baada ya ukarabati mkubwa, ikaruka mara ya mwisho tarehe 28 Oktoba 2015, pale kampuni zilizoiunga mkono kitaalamu zilipojitoa. Kuirusha kunataka vipuri vipya, na kila kipuri kipya kinaondoa kimoja cha asili.

*Marehemu baba alikuwa fundi wa jeti za aina hiyo. Ameacha picha na daftari. Nitupe? – Binti wa Fundi*

Usitupe hata karatasi moja, mwanangu. Piga simu makumbusho leo. Picha iliyopigwa karakanani inaweza kutuonyesha alama ilikaa wapi au bomba lilipita upande gani, mambo ambayo hata michoro ya kiwanda haisemi. Andika nyuma ya kila picha, kwa penseli laini, majina ya unaowatambua. Usizifunike kwa plastiki inayobandikwa kwa moto. Daftari liache lilivyo, hata kama lina madoa ya mafuta.