Star Trek mtu wa Mombasa aanzie wapi: jibu langu refu

Salaam jamaa. Kuna ndugu kauliza hapa ati Star Trek, zile hadithi za tivi za Kimarekani za vyombo vya angani, yuwaitaka lakini akiiangalia aiona mlima, episodi zaidi ya 900 ukijumlisha siriz zote tangu ile ya 1966, hajui ashike wapi, na mwengine akamjibu aachane nayo hayo ni mambo ya wazungu na maroketi yao, mtu wa Pwani hayamhusu. Nilitaka kuandika mistari miwili tu lakini hili jambo niko nalo tangu nna miaka kumi na moja kwa hivyo nivumilieni.

Jibu lenyewe kwanza. Anza na siriz ya Deep Space Nine. Ile ya 1966 iwache kwanza, na hizi mpya pia ziwache, utazirudia kwa raha zako. Lakini kabla ya kuifungua, tafuta episodi mbili za siriz iliyoitangulia, The Next Generation, zinaitwa The Best of Both Worlds, ya kwanza na ya pili, uzione zote mbili kwa mpangilio. Mie sikuziona kwa mpangilio, na ndivyo nilivyonaswa.

Babangu alikuwa baharia, oila, kazi yake kule chini kwenye injini. Mkataba miezi tisa, mara nyengine kumi, akirudi kwetu Kibokoni yuko nasi mwezi na kitu halafu yuwaondoka tena. Mwaka 1994 akaja na mfuko wa kanda za video, rafiki yake mmoja wa Houston alikuwa akirekodi kutoka kwa tivi, mpaka matangazo ya biashara yamo ndani. Sasa deki yetu ilikuwa ya PAL kama deki za watu wote hapa na kanda zile ni NTSC, mtindo wa Marekani, bas picha ikaja nyeusi na nyeupe na kila kitambo inaruka juu kama inataka kutoka. Tukaziangalia vivyo hivyo. Mie kwa miaka miwili nikijua wale watu wote wamevaa kijivu. Babangu aliponunua deki ya sistimu zote Dubai ndipo nikaona kumbe Picard, kapteni wa chombo, nguo yake nyekundu na La Forge, fundi wake mkuu, yake ya manjano, nikakimbia jikoni kumwita mamangu aje aone.

Kanda ya mwisho kwenye ule mfuko ilikuwa The Best of Both Worlds, ile ya kwanza. Kuna viumbe waitwao Borg, nusu mtu nusu mtambo, wakikushika wanakugeuza uwe mmoja wao na akili yako inakuwa yao. Wakamshika kapteni Picard. Akatokea kwenye skrini uso umewekwa vyuma yuwawaambia watu wake mwenyewe wasalimu amri, na Riker, msaidizi wake, akatoa amri wamfyatulie. Kanda ikaisha hapo hapo. Wamarekani walingoja kutoka Juni mpaka Septemba 1990 kuona kilichofuata, mie nilingoja miaka miwili. Kulikuwa na duka la kanda mjini, nikamuomba mwenye duka aniagizie sehemu ya pili, nikampa pesa zangu zote za Idi, akanipa kanda juu imeandikwa jina sawasawa na ndani ni filamu ya Kihindi, na pesa hakurudisha. Mpaka leo nikipita pale jambo hilo linaniuma.

Safari iliyofuata babangu akaleta kanda nyengine na sehemu ya pili haimo. Iliyomo ni Emissary, episodi ya kwanza ya Deep Space Nine, ya Januari 1993. Nikaweka nikiwa sina hamu, na inafunguka katikati ya vita vile vile! Mahali panaitwa Wolf 359, vyombo 40 vya Shirikisho, yaani dola ya binadamu na wenzao, dhidi ya kimoja cha Borg, na 39 vinaangamia, na anayewaongoza Borg ni yule yule Picard niliyemuacha miaka miwili nyuma. Lakini mara hii hatuko kwenye chombo cha Picard. Tuko kwenye chombo chengine, Saratoga, na afisa wake ni mtu mweusi, Benjamin Sisko, yuwatafuta mkewe ndani ya moshi, anamkuta chini ya vyuma amekwisha kufa, na hataki kumuacha mpaka wanamvuta kwa nguvu waondoke na mwanawe Jake. Miaka mitatu baadaye Sisko amepewa kituo cha angani, hicho Deep Space Nine, akakisimamie, Picard aja kuzungumza naye kwa upole, hajui kitu, na Sisko anamwambia tumewahi kuonana, vitani. Uso wa Avery Brooks, aliyemuigiza Sisko, pale, wallahi sijausahau. Miaka miwili nimelala nikifikiria Picard ataokoka vipi, hata siku moja sikuwafikiria waliokuwa kwenye vyombo vyengine.

Kwa nini nasema mtu wa Mombasa aanzie hapo. Siriz nyengine ni za chombo kinachosafiri, wanafika sayari, wanatatua shida, wanaondoka, na wiki ijayo ile sayari imesahauliwa. Deep Space Nine ni bandari, hawaendi popote, watu ndio wanaokuja kwao. Kile kituo kilijengwa na Wakadashia, viumbe wa sayari nyengine, walipokuwa wameikalia sayari ya Bajor karibu miaka hamsini, na waliotumikishwa mle ni Wabajor wenyewe, sasa mkoloni ameondoka, kituo kimebaki, na lazima watu waishi ndani yake. Nyinyi mumepita Fort Jesus mara ngapi? Mreno kaanza kuijenga 1593, Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, Mwingereza akaifanya jela mpaka 1958, na leo watoto wa Mji wa Kale wanapiga picha za harusi pale nje. Mie nilipoona Meja Kira, Mbajor aliyepigana msituni tangu utotoni, yuwafanya kazi katika ofisi zilizojengwa na waliowaua watu wake, sikuhitaji kuelezwa. Halafu pana baa ya Quark ambaye hakuna asichokiuza, pana Garak fundi cherehani ambaye kila mtu yuwajua si fundi cherehani tu, pana hekalu, pana wafanyabiashara wa kila aina wanakorofishana asubuhi na jioni wanakula pamoja. Na karibu yake pana njia ya mkato angani, ukiingia huku unatokea umbali wa miaka 70,000 ya mwanga, kwa hivyo kila anayetaka kitu upande wa pili lazima apite kwao, kwa wema au kwa ubaya. Huo ni mji wetu huo.

Babangu yeye alimpenda O'Brien. O'Brien si afisa, ni chifu wa mafundi, ana mke na mtoto, na kutwa yuko chini ya mitambo ya Wakadashia inayokataa kuelewana na ya Shirikisho. Akitokea tu babangu asema haya sasa amekuja anayefanya kazi. Yeye aliwahi kufanya kazi kwenye meli iliyojengwa nchi moja na injini imerekebishwa nchi nyengine, vibao vyote lugha mbili, kwa hivyo kila O'Brien akilalamika babangu yuwatikisa kichwa kabisa kama wanaongea wawili.

Kuhusu hilo la wazungu, ndugu uliyesema sikulaumu lakini sikiza. Kwenye ile ya kwanza, ya Gene Roddenberry aliyeianzisha Star Trek, afisa wa mawasiliano ni mwanamke mweusi, jina lake Uhura, na limetolewa kwenye neno letu, uhuru. Jina la kwanza wakaja wakamuita Nyota, filamu ya 2009 ndiyo iliyolitamka mbele ya watu. Episodi ya kwanza kabisa kuonyeshwa Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, mna mtu anamsemesha Kiswahili na yeye anamjibu, matamshi si ya huku lakini ni Kiswahili, miaka mitatu tu baada ya Kenya kupata uhuru. Nichelle Nichols aliyemuigiza alitaka kuacha baada ya sizoni ya kwanza na Martin Luther King ndiye aliyemuomba abaki. Tangu 1977 akafanya kazi na NASA kuwatafuta wanawake na watu weusi wajiunge, na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, 1992, alikuwa shabiki wa Uhura tangu mdogo na mwaka uliofuata akaigiza kidogo kwenye The Next Generation. Yule La Forge kipofu mwenye kifaa cha macho, kwenye maelezo yake alizaliwa Mogadishu. Na kwenye Strange New Worlds, hii ya tangu 2022, Uhura ni kijana bado, Mkenya, anajua lugha 37.

Na kuna jambo watu wengi wa hapa hawalijui linaniumiza roho. Tarehe 12 Disemba 1970 setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, pale baharini Ngomeni juu ya Malindi, na kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wetu ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kutazama miale ya eksirei angani, na data zake zilisaidia kuwafanya wanasayansi waamini kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, ambalo hata mwanga hautoki. Pale walirusha setilaiti kuanzia 1967 mpaka 1988. Kutoka hapa ni matatu moja mpaka Malindi. Kwa hivyo mtu akiniambia anga hazituhusu sisi watu wa Pwani namuuliza kama ashawahi kwenda Ngomeni.

Haya, turudi. Ukianza Deep Space Nine, sizoni ya kwanza yaenda polepole, usikate tamaa, na ile Move Along Home iruke, sijawahi kukutana na anayeitetea. Lakini usiikose Duet. Mkadashia mmoja anashikwa kituoni, Kira ana hakika ni mkubwa wa kambi ya mateso, na sehemu kubwa ni watu wawili tu wanazungumza, mmoja ndani ya selo mmoja nje. Hakuna vita wala vyombo kulipuka. Niliiangalia na nyanyangu ambaye Kiingereza hakijui, mie namfasiria, ilipofika mwisho akasema huyu mtu alikuwa akitafuta wa kumuhukumu, na hiyo ndiyo hadithi yote, aliielewa kuliko mie. Kuanzia sizoni ya tano kuja saba pana vita virefu, hapo sasa huwezi kuruka kitu. Far Beyond the Stars, ya 1998, iangalie usiku umetulia, Brooks ameiongoza mwenyewe, ni mwandishi mweusi wa New York miaka ya hamsini aliyeandika hadithi ya kituo angani na kapteni mweusi na wakakataa kuichapisha.

Siriz ya Voyager ni nzuri, kapteni wake Janeway nampenda, ije baadaye. Discovery, moja ya hizi mpya, ilinichosha sizoni ya kwanza. Mabishano ya ipi ndiyo Star Trek ya kweli sitaki kuyaingia, nimepoteza rafiki kwa hayo.

Episodi ya mwisho ya kukutajia, ya Deep Space Nine hiyo hiyo, ni The Visitor. Sizoni ya nne, ya pili au ya tatu, inategemea kama ile ndefu ya kufungulia wameihesabu moja au mbili. Inatokea ajali chomboni, Sisko anatoweka mbele ya mwanawe, wote wasema amekufa, kisha anamtokea Jake kwa muda mfupi, anatoweka tena, anarudi baada ya mwaka, kisha miaka mingi, na kila akija kwake yeye ni kama dakika chache tu zimepita na mwanawe amezidi kukua. Jake alikuwa mwandishi, anaacha kuandika anaingia kusoma sayansi, ndoa inavunjika, umri wote unaishia kutafuta njia ya kumrudisha babake. Ameshakuwa mzee na yuwamhadithia msichana mmoja aliyekuja kwake usiku wa mvua. Mwisho sikwambii.

Niliiangalia na babangu 2009, ashastaafu, magoti yamechoka na ngazi za meli. Iliisha tukanyamaza, kisha akaniuliza, huyu kijana aliacha kuandika kwa ajili ya babake, wewe mwanangu uliacha nini? Nikamwambia mie sikuacha kitu, ila ile kazi ya klia bandarini, ya kutoa mizigo, niliichukua, na walikuwa wamenipa nafasi ya ualimu, kwa sababu kila asubuhi ofisini inakuja orodha ya meli zinazotarajiwa na nilikuwa naitafuta yako.

Hakusema kitu kwa muda. Halafu akanambia rudisha nyuma, pale mzee anapoanza kumueleza yule msichana, hapo hakusikia vizuri.